Tupeane uzoefu: siku manko (makuta ao kitu kukosekana kwa hesabu) ilitoka, shefu wako alifanya nini?

Depo_Majengo (Goma)

Bandugu na badada, habari za mangaribi. Niko hapa Goma, kartie Majengo, nasimamia depo ya simenti na manjanja (mabati). Aiko yangu, ni ya muzee mmoja anaikalaka Butembo, anafikaka mara moja kwa mwezi, kwa hiyo siku zingine zote shefu ni miye. Tuko batu saba. Ao tulikuwa saba, sasa tuko ine.

Mwezi wa pili keshie wangu alikosa dolari 78 kwa kesi (sanduku ya makuta). Nikafanya ile shefu wangu wa zamani alikuwa ananifanyiaka, nikamusimamisha pale mbele ya kila mutu nikamwambia hesabu. Akahesabu. Hesabu tena. Akahesabu. Mara ya tatu mikono ilikuwa inatetemeka mpaka zile noti za 500 franka zenye zimechoka sawa kitambaa zinaanguka chini, vijana wa kupakia wamesimama na mifuko kwa bega wanaangalia, na bakliya (wateja) wawili nao bako ndani. Mwisho wa mwezi nikamukata zile 78 kwa mushahara wa 150.

Kisha wiki tatu mvua inanyesha, navaa jaketi yenye sikuvaa siku mingi, natia mukono kwa mufuko napata karatasi. Mwandiko ni wangu. Mifuko sita, dolari 13 kila moja, fundi fulani atalipa Juma tano. Miye mwenyewe njo nilitosha simenti kwa deni nikasahau.

Nikamwita kwa biro, nikafunga mulango, nikamulomba pole, nikamurudishia makuta yote. Akasema aksanti shefu. Akatumika mwezi moja tena akaacha, na vijana wawili wa kupakia nao wakaacha, aiko siku moja lakini karibu karibu. Sasa muzee ananiuliza kwa telefone, weye unafukuzaka batu? Namwambia apana papa, wanaenda benyewe. Na mushahara kwetu haichelewi, kwa hiyo siwezi sema ni makuta.

Njo maana nalomba tupeane uzoefu. Sitaki teori za seminere za hoteli zenye wanakupa maji na bloknoti, nataka ile uliona na macho yako: siku kitu ilipotea ao iliharibika kwa kazi, shefu wako alifanya nini, na ekipe ikabakia namna gani. Tafazali tusitaje jina ya mutu wala ya kampuni, hatutaki kesi.


Kambiste_Birere (Goma)

Mimi nitakuwa wa kwanza na sitakudanganya. Huruma inafunga biashara. Nilikuwa na meza mbili za kuchenji hapa Birere, moja nikamupa shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, nikamutendea muzuri, sikumuhesabia kila mangaribi ju nilisema huyu ni wa nyumba. Siku moja asubui meza iko, kiti iko, parasoli iko, shemeji aiko. Dolari 1.200. Tulisikia ako Kampala. Bibi yangu mpaka leo anasema labda alipata shida njiani. Kwa hiyo weye ulifanya vizuri kuhesabisha, kosa yako ni ile karatasi ya jaketi tu.


Sambaza_ya_Usiku (Goma)

@Kambiste pole sana, lakini hapo naona shemeji sioni huruma 😂

Ngoja niwape yangu. Mimi nilivua miaka tisa mbele ya kuanza kazi ya moto (pikipiki). Kwa wenye hawajui kivu yetu, tunafunga mitumbwi tatu pamoja na miti mirefu, ile miti inatokeza mbele na nyuma sawa ndevu za panzi, wavu unashuka katikati, na mataa inawaka juu ya maji ili sambaza (samaki kidogo kidogo) zipande. Usiku wa mwezi mukubwa hatuendi, ju mwezi unashinda taa, samaki zinatawanyika hazijui ziende wapi.

Sasa ile usiku mimi njo nilikuwa wa kuchunga taa. Nikasinzia. Taa ikazimika, nikashituka ju ya giza yenyewe, na kutosha wavu ilikuwa ndoo moja. Batu kumi, ndoo moja. Kapita wetu (mukubwa wa ekipe) alikuwa muzee mufupi wa Idjwi, mutu wa maneno kidogo. Akusema kitu. Akaanzisha wimbo. Tukapiga kasia mpaka Kituku na ile wimbo, wengine banaitika, mimi sauti haitoki. Kufika pale akagawa ile ndoo moja na akaanza na mimi. Niliona afazali angenipiga.

Kisha batu wameenda njo akaniuliza, mucana unafanyaka nini? Nikamwambia ukweli, nasukumaka chukudu (baiskeli ya miti ya kubeba mizigo) ya viazi toka Kibumba. Akasema chagua moja. Na mpaka nitachagua, akanikalisha karibu yake, nikisinzia ananimwangia maji ya kivu kwa shingo, ile maji ya saa tisa ya usiku munaijua, batu wote banacheka na mimi nacheka. Hakuna mutu aliniita mwizi wa usingizi. Nilitumika naye miaka sita tena na siku alianguka na tension tulimubeba sisi wote, hakuna mwenye aliulizwa.

Ile sehemu ya kuuliza mucana unafanyaka nini, sikuipata tena kwa shefu mwingine.


Tikiti_ya_Bato (Bukavu)

Nasoma tu, nimekaa pembeni na kahawa yangu


Bluzi_Nyeupe (Bukavu)

Mimi ni infirmie (muuguzi), niko upande wa Kadutu, miaka kumi na mbili kazini. Nitasema sehemu mbili ju nilitumika na washefu wawili fasi moja, nyumba ile ile, batu bale bale, mushahara ule ule, kwa hiyo hakuna mwenye ataniambia ilikuwa makuta.

Wa kwanza. Siku moja mwenzetu wa zamu ya usiku alichukua chupa ya siro moja kumbe ni ingine, chupa zote mbili kahawia, kifuniko nyeupe, ziko kwa etajere moja. Mungu akasaidia mama wa mutoto akasema mbona arufu aiko ya jana, mutoto hakunywa. Asubui mwenzetu akaandika mwenyewe kwa rejista, jina yake na saa. Shefu alisoma, akatoka, tukafikiri anaenda kupiga telefone kwa wakubwa. Alienda kutafuta kiti. Akapanda juu ya kiti na ile tumbo yake, sisi tunashika kiti, akashusha chupa zote, akasema nipatieni sparadra. Akabandika alama, moja akaipeleka etajere ya chini, ingine ikabaki juu. Ilimuchukua nusu saa. Kisha akamwambia mwenzetu, aksanti uliandika, enda ulale. Basi. Ule mwaka rejista yetu ya makosa ilijaa, kila mutu anaandika, ata mambo madogo, sindano zilipungua, friji ilizimika saa mbili.

Wa pili alifika na kalamu nyekundu. Kila kosa dimande desplikasyo. Munajua ile karatasi, ulitumika kwa leta (serikali) ao kwa kampuni yoyote ya Kongo unaijua, unapewa masaa 48 ujibu kwa maandishi, inaingia dosie yako. Mimi nilipata tatu kwa mwezi moja, moja ju niliandika kwamba gani (glavu za mikono) zimeisha, eti kwa nini hukusema mbele. Miezi mbili rejista ikakuwa safi sana. Mwezi muzima hakuna kosa. Yeye akaipeleka kwa reinyo kuonesha wakubwa, alishangiliwa. Na sisi tunaangaliana. Makosa yalikuwa yanatembea kwa mudomo, tunaambiana kwa koridori, dada angalia kitanda ya ine nilisahau, halafu basi. Kama huyo mama wa siro angekuja wakati wa shefu wa pili, ile habari ingekufa palepale.

Kwa hiyo @Depo, ukiona kwako hakuna manko tena tangu keshie alienda, usifurahie haraka.


Kambiste_Birere (Goma)

Hiyo ya rejista safi imenigusa, nakubali. Ata shemeji kaye (daftari) yake ilikuwa safi kabisa


Lojistik_Himbi (Goma)

Yangu aiko manko ya makuta. 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho (Jumamosi), mangaribi, munaikumbuka wote, mbingu nyekundu upande wa Nyiragongo, mulima ya moto, na batu wanakimbia kila mutu na matela yake. Nilikuwa natumika kwa shirika moja, shefu wangu akanipigia saa mbili na nusu ya usiku. Nikafikiri anataka kujua kama niko muzima. Akaniuliza jenereta ya biro iko wapi. Nilikuwa na mutoto wa miezi nane kwa mugongo. Nikamwambia iko kwa biro shefu. Akasema enda uangalie. Sikuenda, na ile siku moyo wangu kwa ile kazi ulikufa, ata kama nilibakia mwaka moja tena nakula mushahara.

Sasa mwenzangu wa shirika ya jirani, ukuta moja tu kati yetu, shefu wao alikuwa na kaye yenye majina, mutu na bibi ao bwana na batoto ngapi, na fasi anaikala. Alipigia mutu mmoja mmoja, anatia alama. Tarehe 27, wakati gavana alitangaza batu batoke mu kartie nyingi za mji na barabara ya Sake ikafungana na batu, alitosha magari mawili akasema komputa zibakie, kwanza wenye wako na batoto. Batu wake wanaongea juu ya ile kaye mpaka leo. Si kwamba ilikuwa na siri kubwa, ni kaye ya 500 franka. Lakini aliiandika mbele, siku hakuna moshi.

Na tangu banki za hapa zilifungwa mwezi wa kwanza 2025 nimeona tena ile tofauti. Kuna shefu anakunyamazia mpaka unasikia kwa inje kama makuta itapitia Gisenyi, ngambo ya Rwanda, ao kwa telefone, na kuna mwenye kila Juma ine anakuja anasema leo sina jipya, nilipiga, hawajajibu. Sina jipya nayo ni habari jamani.


Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu ba Kivu. Shiye ba Lushi tuko natega masikio. Baba yangu alitumikaka mu kampuni ya mukuba (shaba), ile wakati ya mposho ya chakula, unga na samaki ya kukausha na mafuta. Alikuwaka na kapita mukali, mukali kabisa, unachelewa dakika tano anakurudisha ku nyumba na siku yako imekufa. Batu balimwogopaka sawa radi. Siku moja mposho ilifika pungufu. Uyu kapita alikuwa na haki ya kukamata wa kwanza, njo vile ilikuwaka. Alienda kusimama mu mulongo ya nyuma kabisa na kiroba yake, na unga ikaisha mbele ya kumufikia. Alikunja kiroba, akatia mu kwapa, akarudia ku lupango yake. Akusema kitu. Baba alitusimuliaka iyi mara mia moja na kila mara alikuwa anaonesha vile alikunja kiroba, hivi, hivi, kisha mu kwapa.

Kwa hiyo miye sikubali mukisema shefu muzuri ni mwenye sauti ya pole. Miye niko na garaji kidogo mu Katuba, napika kelele, bwana napika kelele sana, jirani banajua kila bulo yenye ilipotea. Lakini posho mangaribi bana banalipwa mbele yangu, kama haitoshi ni miye njo narudia bure. Kijana alinivunjia kioo ya mbele ya kliya mwaka jana, nilimutukana mpaka wa kuuza makala akakuja kuangalia. Kisha tulilipa kioo wawili, nusu yake nusu yangu, ju ni miye nilimwambia aharakishe. Ako kwangu paka leo.

Na jambo ingine ju muko naongea ekipe. 2010 Mazembe yetu, ekipe ya mupira ya Lushi, kisha ya kupiga Internacional ya Brezil 2-0, ilifika ku finali ya dunia ya ma klabu na Inter ya Milano pale Abu Dhabi. Tulikufa 3-0, iko sawa. Lakini batu bengi banakumbuka nini? Kidiaba anaruka na matako. Kipa! Goli amefunga mwingine kule mbali, uyu ndugu njo anaruka. Mu garaji yangu nilibandika foto yake pa mulango.


Tikiti_ya_Bato (Bukavu)

Kidiaba kwa garaji 😂😂 kahawa imenitoka puani


Kodi_015 (Goma)

Samahani naingilia kidogo juu ya ile kukata. Kodi ya kazi ya Kongo (kitabu ya sheria za kazi), sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, inataja ni vitu gani vinaweza katwa kwa mushahara wa mutu, aiko shefu anaamka asubui anakata ile kichwa yake inamwambia. Ile ile kodi inaweka masaa 45 kwa wiki. Najua mutaniambia hapa kwetu nani anafuata, sawa, lakini keshie wako akienda kwa inspeksyo ya kazi na ile bule (karatasi ya mushahara) yenye unaonesha umekata nusu ya mushahara kwa kosa yenye hukuhakikisha, weye na muzee wa Butembo mutajibu nini? Karatasi ya jaketi?


Depo_Majengo (Goma)

@Kodi asante, hapo nilitoka jasho. Bule nilisaini miye mwenyewe. @Bluzi ni kweli, tangu ameenda hakuna manko ata moja, na miye nilikuwa nafurahia kumbe. Lakini bandugu, miye nilimulomba pole na nilimurudishia makuta yote ata franka moja haikubakia. Wenye wanaondokaka kwa kampuni zingine wanaondokaka ju hawajalipwa. Hapo njo sielewi.


Mama_Atelye (Goma)

Mutoto yangu Depo, mimi niko na atelye ya kushona hapa Katindo, mashini sita, wasichana watano na mwanaume mmoja mwenye anajua kukata kuliko sisi wote. Nilisoma ya kwako mara mbili na miwani kwa macho. Kuhesabu ulimuhesabisha mbele ya batu, na bakliya wawili ndani. Pole uliitoa mulango umefungwa. Sasa weye mwenyewe angalia fasi manko iko.

Wale vijana wa kupakia waliona mwizi. Hawakuona mutu anasafishwa. Wao mpaka siku waliondoka, dada wa kesi alikula 78, na walijua siku moja itakuwa zamu yao ku simenti. Na yeye alikuwa anapita mbele yao kila asubui na ile 78 kwa uso.

Nikuambie ya kwangu. Kitenge ya bibi arusi, yadi sita, msichana akaikata shingo mbele na nyuma yote chini, yaani ikakuwa mbele mbili. Akaificha chini ya mashini siku tatu. Mimi zamani nilikuwa nakata mushahara sawa weye. Kumbe kwa ile njia walikuwa wananificha vitambaa, nilivipata kwa dari, kwa saki, kimoja kilipelekwa mpaka Sake kwa nyanya yake mutu. Bibi arusi analia kwa mulango, mimi sijui kitu. Njo tukaweka kikopo. Kikopo ya maziwa ya unga, tumetoboa juu. Kila mutu anatia 500 franka siku ya kazi, na mimi natia 500 sawa wao, sitii zaidi eti ju niko patro. Kitambaa ikiharibika, kikopo inalipa, lakini mwenye aliharibu anasema yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote, saa ya chai: niliharibu hii, ju ya hii. Mwezi wa kwanza niliona aibu yao. Mwezi wa tatu niliharibu mimi, koti ya pasta, nilichoma na pasi ju nilikuwa nabishana na bwana yangu kwa telefone. Nikasimama na chai kwa mukono nikasema. Walicheka mpaka mmoja alipiga magoti. Tangu hapo hakuna kitambaa kwa dari. Mwisho wa mwaka yenye inabakia kwa kikopo tunakula kuku.

Aiko dawa ya kila fasi. Na wewe Kambiste, kikopo haingemushika shemeji yako, ule alikuwa na tikiti tayari.


Kambiste_Birere (Goma)

Mama nakubali, na ile kikopo naiba leo leo


Sambaza_ya_Usiku (Goma)

Mama_Atelye umemaliza. Depo, uko wapi? Umenyamaza sana


Depo_Majengo (Goma)

Niko bandugu. Nilienda kulala na ile maneno ya fasi manko iko, sikulala.

Leo Juma moja asubui mbele ya kufungua niliwasimamisha wale wenye wamebakia. Nikatosha ile karatasi, nilikuwa nimeitunza sijui ju ya nini, nikaisoma kwa sauti, mifuko sita, tarehe, mwandiko wangu. Nikawaambia ile 78 ni mimi. Mupakizi mmoja akasema, tulijua. Nikasema mulijua namna gani? Akasema shefu, sisi njo tulipakia ile mifuko sita, tulikungoja useme. Miezi mine walikuwa wananingoja niseme! Nilikaa chini juu ya mufuko wa simenti, suruali yote ikakuwa nyeupe.

Kisha nikaenda soko Virunga, dada wa kesi sasa anauza mafuta na unga kwa meza ya mama yake. Nilitaka kusema kwa sauti, mbele ya wale wamama wa jirani, sawa Mama_Atelye alisema, na nilisema. Wale wamama wakanyamaza kwanza, kisha mmoja akauliza, ni huyu? Akajibu njo yeye. Nikamwambia nafasi yake iko. Akaniambia shefu sogea kidogo unafunga kliya. Nikasogea. Akapima unga ya mama mmoja, akapima ya mwingine, sikujua nibakie ao niende, nikanunua lita mbili za mafuta zenye sikuhitaji nikaenda.

Mangaribi hii saa moja nimepata mesaji yake, ya kwanza tangu aliacha: "Ile jaketi uko ungali unaivaa?"

Sijajibu bado.